Taa Zilizowaka kwa Mabati

Nilikuwa nafunika sinia yangu ya ndagala kando ya barabara, mwanga ukiwa umebaki kidogo tu upande wa ziwa, niliposikia gari ya papa, baba yangu, inakuja kutoka bondeni. Ile gari huijui kwa kuiona. Unaijua kwa sauti, kama muntu anayekohoa huku anakimbia. Ilipita mbele yangu imejaa magunia ya mihogo na sikuinua hata kichwa. Kilichonifanya niinue kichwa ni sauti ndogo iliyotoka nyuma yake.

"Mama! Niangalie! Minye niko taa!"

Mtoto wangu Mapendo, ambaye meno ya mbele hayajamaliza kuota, alikuwa amekaa juu ya gunia la mwisho, miguu inaning'inia nje ya ubao. Mkononi ameshika tochi iliyofungwa kwa sashe nyekundu, mfuko wa plastiki. Anaitikisa huku na huku, vile inavyotikiswa, vile alivyofundishwa. Na nyuma yake, karibu kabisa, lori la kreti za bia linapiga honi.

Nilikimbia. Kwa mguu wangu huu, anayeona ninavyotembea atashangaa kusikia neno hilo, lakini nilikimbia. Papa alikuwa amesimama mbele kidogo kushusha abiria.

"Papa, shusha mutoto."

"Juu ya nini unapiga makelele mu barabara kama muuza mbuzi?"

"Shusha mutoto wangu!"

"Kwani kuna nini? Weye mwenyewe ulifanyaka hii kazi. Haukukufa."

Haukukufa. Ni neno hilo. Nimevumilia mengi kwa yule mzee, lakini hilo lilinikuta sina tena mahali pa kuliweka. Nilimnyang'anya mtoto ile tochi, nikaitupa mtaroni, na mbele ya wauza ndagala wote, mbele ya abiria, nikamwambia baba aliyenizaa kwamba yeye ni shoferi wa kuua watoto. Watu walishika midomo. Mama mmoja akasema, "Eee, mwana, huyo ni papa yako!" Najua ni papa yangu. Tatizo lenyewe ni hilo.

Ninyi mliokua na minye kando ya barabara hii mnaikumbuka ile gari. Pikapu ya zamani, kapo, kifuniko cha injini, ya rangi moja, milango ya rangi nyingine. Wengine mliwahi kupanda juu yake kwenda Kamanyola kwa shangazi zenu. Mnakumbuka pia jinsi ilivyokuwa inaoshwa: kila Jumamosi papa anaiingiza ziwani mpaka maji yanafika katikati ya magurudumu, sisi watoto tunaisugua kwa sabuni ya kipande, kwa sababu gari chafu haipati abiria wa Jumapili. Basi ziwa likaila. Likaila polepole kutoka chini, na maji ya samaki yakaila kutoka juu, mpaka siku moja papa alipakia mawe ya msingi na karoseri ya chuma, bodi ya nyuma ya kubebea mzigo, ikaachia, mawe yakamwagika njiani kama meno.

Alimwita seremala. Seremala akamtengenezea karoseri mpya ya mbao za libuyu. Mpaka leo nikipita kwenye kiwanda cha mbao na ile harufu ikanipiga, harufu tamu na kali kidogo, narudi kuwa mtoto. Nililala ndani yake usiku wa kwanza, peke yangu, kabla haijabeba kitu. Niliona kama papa amenijengea chumba. Taa za nyuma zilifungwa juu ya ubao wa mwisho kwa bulon, bolti ndefu zilizotokea upande wa ndani, zikapendeza kama hereni.

Na ziliwaka. Hilo msilisahau, kwa sababu ndilo lililotuharibu. Mzigo wa kwanza wa ile karoseri ulikuwa mabati ya parokia, matole tunavyosema, ya kuezeka kanisa la bondeni. Papa alienda na kurudi na mabati, na kila alipokanyaga fren, yaani breki, taa zilikuwa nyekundu kama nyanya. Mzigo wa parokia ulipoisha, akapakia mihogo. Taa zikafa.

Hapo ukaanza msimu ambao sitausahau. Papa kwenye usukani, fundi chini ya gari amelalia katoni, na minye nyuma, kazi yangu ni kutazama na kusema.

"Fren!"

"Hapana!"

"Kushoto!"

"Hapana!"

"Kuume!"

"Hapana, papa!"

"Uko unaangalia kweli ao uko unaangalia batoto benzako?"

Walibadilisha ampuli, balbu za taa. Walibadilisha fizibli, vile viwaya vidogo vinavyokatika umeme ukizidi. Walipasua ubao, wakafuata waya mzima kutoka mbele mpaka nyuma, wakaukuta mzima, wakapitisha mwingine mpya. Fundi alikuwa na kidude chake cha kupimia, kaampuli kenye nyaya mbili: mmoja anaubana kwenye chuma cha chini ya gari, wa pili anaugusisha kwenye waya wa taa. Kila mara kaampuli kake kaliwaka, safi kabisa.

"Moto iko!" anapiga kelele kutoka chini, moto ndio umeme. "Moto iko inafika mupaka hapa!"

"Sasa juu ya nini haiwaki?"

"Njo minye pia najiuliza."

Siku moja nilizunguka upande wa mbele kumpelekea papa maji ya kunywa, na akiwa anakanyaga fren kwa ajili ya fundi, niliona kitu. Zile taa ndogo za mbele ya usukani, zinazomulika saa ya mafuta, ziliwaka kidogo. Zilififia kama jicho la mgonjwa. Akiachia fren, zinazima. Akikanyaga, zinaamka.

"Papa, iko inawaka huku mbele!"

"Nani alikuuliza mbele? Rudia nyuma."

Nikarudi nyuma. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nimemaliza kuelewa. Kwa akili ya mtoto, niliona nuru inatumwa nyuma, inafika nyuma, inaona giza la barabara na malori yanayokuja, inaogopa, inakimbia kurudi mbele kujificha kwa papa. Hata minye ningefanya hivyo. Niliihurumia.

Mwishoni fundi alijipangusa mikono kwa petroli na kusema maneno ambayo hakujua yatafika wapi. "Papa, moto iko. Ampuli iko nzima. Na haiwaki. Hii haiko ya fundi tena."

Shangazi yangu, dada mkubwa wa papa, alikuwa amekaa pale mlangoni anachambua maharagwe. Shangazi alikuwa na chumba cha maombi nyuma ya nyumba yake, na alikuwa anangojea tu sentensi kama hiyo. Akasema polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Ilibeba matole ya Mungu, ikawaka. Ilibeba mihogo ya muntu, ikazima. Munangoja nini tena?"

Sasa msicheke. Walijaribu kufikiri, na walifikiri kwa yale waliyoyaona kwa macho. Mzigo wa Mungu, taa. Mzigo wa watu, giza. Wakafunga, wakaomba, shangazi akapaka mafuta kwenye vioo vya taa. Halafu papa akapata tenda ya kubeba mabati mengine, ya kuezeka nganda, baa ya pombe kabisa yenye muziki na wanawake, na taa zikawaka tena njia nzima! Mama yangu, ambaye huwa hasemi, alisema: "Sasa na pombe iko ya Mungu?" Shangazi akamjibu hapo hapo: "Shetani naye anajua kuiga." Kesi ikafungwa. Toka siku hiyo hakuna fundi aliyegusa tena zile taa.

Lakini mihogo inapaswa kufika Uvira, na giza la bondeni linaanguka ghafla, hasa mvua ikiwa imenyesha. Papa alinunua tochi. Akaifunga kwa sashe nyekundu, akanipandisha juu ya magunia, akaniambia: "Weye utakuwa taa yangu. Ukiona gari inakuja nyuma, itikise. Usilale."

Nilijisikia malkia, nisidanganye. Watoto wa Runingu walikimbia nyuma yetu wakiimba "Mutoto wa taa! Mutoto wa taa!" na minye nawapungia kwa mkono mtupu. Kaka zangu walikaa nyumbani. Nilichaguliwa minye. Nilikaa mahali ambapo nuru yenyewe iliogopa kukaa, na sikuogopa, kwa hiyo nilijua kwamba nina nguvu kuliko nuru. Magunia yalikuwa na joto la jua la mchana, mihogo ilinukia uchachu, upepo wa Ruzizi unaniingia ndani ya blauzi, na mbele, kupitia kioo kidogo, naona shingo ya papa. Aligeuka mara moja moja kuhakikisha nipo. Nilifikiri anageuka kwa upendo. Labda. Sasa mwenyewe ni mzazi na sijui tena.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika kabla ya jioni. Ng'ombe walioshuka kutoka Bijombo walikuwa wanavuka barabara, papa akakanyaga fren, akasimama. Nyuma nikaona taa mbili za lori. Nikainua tochi kama nilivyofundishwa. Nikaitikisa. Zile taa zikakua. Nikaishika kwa mikono yote miwili, juu ya kichwa, nikaitikisa mpaka sashe ikachanika. Ningeweza kuruka. Majani yalikuwa pale pale pembeni, laini, nayaona mpaka leo. Sikuruka kwa sababu taa haishuki garini.

Mguu wangu ulibaki kati ya ubao wa libuyu na chuma cha lori.

Sikumbuki maumivu vizuri. Nakumbuka papa ananibeba, kifua chake kinapiga, na dereva wa lori analia, mtu mzima, anasema, "Sikuona kitu, mukubwa, sikuona taa, naapa." Na nakumbuka papa anamjibu, kabla hata sijafika chini: "Ni mutoto. Alisinzia."

Alisema hivyo kwa dereva. Akasema hivyo hospitali. Akasema hivyo kwa mama, na mama akanitazama kwa huruma na lawama pamoja, vile mnavyomtazama mtoto aliyevunja chungu na kujikata. Alisinzia. Na minye, niliyeshika tochi mpaka mikono ikafa ganzi, nilimwamini. Papa hawezi kusema uongo, kwa hiyo lazima nilisinzia, labda kidogo, labda bila kujua. Miaka mingi baadaye nilikuwa nikikaa kitandani macho wazi, najifunza kutosinzia. Mutoto wa taa! Hakuna aliyeniimbia tena. Walianza kuniita kwa mguu.

Nikafika sekondari. Siku moja mwalimu wa fizikia akaleta jiwe la redio, yaani betri, kaampuli na nyaya mbili. Akafunga waya mmoja. "Inawaka?" Hapana. Akafunga wa pili. Ikawaka. "Umeme unakwenda, na lazima urudi. Ukikosa njia ya kurudi, hauwaki, hata kama umefika." Akaendelea kusema kwamba ndani ya gari waya wa kurudi ni chuma chenyewe cha gari. Wenzangu waliandika. Minye sikuandika. Niliona ubao wa libuyu, niliona bulon zimetokea ndani, mabati yamelala juu yake, upande mmoja yamegusa bulon za taa, upande wa pili yameegemea chuma cha kibanda cha dereva. Mabati ndiyo yalikuwa njia ya kurudi. Ya Mungu, ya nganda, yote mabati. Na mihogo ni mihogo. Umeme ukifika nyuma na kukuta ubao, ulizunguka kupitia taa nyingine, ukarudi kwa kupenyapenya mbele, ndiyo maana zile taa za usukani zilikuwa zinawaka kwa kufifia. Nililiona hilo nikiwa mdogo. Nikaambiwa rudia nyuma.

Nilirudi nyumbani nikamwelezea papa. Nilimchorea hata mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima niseme. Halafu akauliza: "Kwa hiyo ilikuwa waya."

"Waya moja, papa. Kutoka kwa taa mupaka kwa chuma."

"Kama ni waya, mguu wako ni minye nilikata?"

 Akafuta mchoro kwa kiatu, na hakuniruhusu kugusa gari.

Jumapili iliyofuata, yeye akiwa kanisani, niliigusa. Kipande cha waya, nikakifunga kwenye bulon za taa na kukipeleka chini mpaka kwenye chuma, nikakwangua kutu mpaka kikang'aa, nikakaza. Nikamwambia mdogo wangu akanyage fren. Nyekundu! Pande zote mbili, nyekundu, bila hata bati moja. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Sikuwa nimesinzia.

Walirudi kutoka kanisani wakakuta taa zinawaka. Nilidhani watafurahi, hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu. Shangazi alizunguka gari mara moja, akanitazama usoni, akasema: "Mafundi walishindwa. Maombi yalishindwa. Huyu ameshika kidogo tu, zimewaka. Zinamusikia. Basi ni yeye aliyezifungaka."

Mnajua hiyo kauli inakompeleka mtoto hapa kwetu: anaitwa mchawi, anafukuzwa. Nilimtazama papa aseme kitu. Alijua ni waya, nilikuwa nimemchorea. Alikuwa muntu mmoja tu pale anayejua. Aliinama, akang'oa ule waya, akautupa juu ya paa la choo, akaingia ndani kula. Wiki hiyo hiyo nilipelekwa Kamanyola kwa upande wa mama, "mupaka mambo yatulie." Yalitulia. Niliolewa huko.

Nilirudi kwa sababu ziwa lilipanda. Mume wangu alikuwa amenileta tena Uvira, tukajenga karibu na maji kama wengi, maji yakaingia, ukuta ukakaa chini. Yeye akaenda kwenye machimbo, na simu yake inaita siku zingine. Minye na Mapendo tukaingia katika kiwanja cha papa, chumba cha nyuma. Ninakula kwake. Ninalala kwake. Ndiyo maana miaka hii yote nilipoiona ile gari inatoka jioni bila taa nilinyamaza. Nilimkatalia jambo moja tu: mtoto wangu asipande. Alisema sawa. Nilikuwa mbele yake aliposema sawa, na nilikuwa sokoni alipompandisha.

Ile jioni ya tochi, nyumbani, mama alinifuata chumbani.

"Uende uombe papa yako samahani. Umemuharibia sura."

"Na mutoto?"

"Mutoto iko muzima."

Papa mwenyewe alisema kutoka uani, sauti ya chini, hakasiriki kamwe: "Mutoto anayekula hapa anasaidia hapa. Asiyetaka, barabara iko pana."

Mapendo alikuwa analia, na kilichonimaliza ni kwamba alikuwa anaililia tochi. Aliniambia, "Kuku ameniambia minye naangalia vizuri kukupita. Weye ulilalaka." Kuku ndiye babu, kwa jinsi anavyomwita. Uongo ule ule, umeshuka mpaka kizazi cha pili, na mtoto wangu ameubeba kama sifa.

Asubuhi nilienda ofisi ya kartie, serikali ya mtaa. Nilikaa kwenye benchi mpaka sekretere akamaliza chai. Kijana mstaarabu, alinisikiliza.

"Mama, haya ni mambo ya famili. Munakaa, munaleta bakubwa, munaongea."

"Bakubwa ndio hao hao."

"Na unajua ukiandikisha, utalala wapi?"

"Sijui."

"Mzee ataitwa, atakana, atarudi nyumbani. Weye utamukuta kule kule."

"Najua. Andika."

Alinitazama mguu. Akachukua karatasi, na nikasema polepole ili aandike kila neno: kwamba gari haina taa za nyuma na mwenyewe anajua dawa yake tangu zamani, kwamba anapandisha mtoto nyuma mahali pa taa, kwamba kabla ya huyu alimpandisha mwingine, akavunjika, na hakusinzia. "Hiyo ya mwisho inahusu nini?" aliuliza. Nikamwambia aandike tu: hakusinzia. Akaandika.

Halafu akarudi juu ya karatasi, alipokuwa ameacha nafasi ya majina. Nikamtajia la mlalamikaji. Nikamtajia la mshitakiwa. Kalamu ikasimama.

"Mama, umerudilia. Hili ni jina moja."

"Ndiyo. Alinipa lake nilipozaliwa. Andika mara mbili."

Akaandika mara mbili, nikasaini.